Uwanja wa besiboli wa Williamsport ulianzaje?

SWALI: Habari zenu. Mimi ni mama wa hapa Lugazi, Uganda, kijana wangu wa miaka 10 besiboli imemuingia kichwani kabisa, kutwa ni Williamsport Williamsport. Naambiwa ni mji mdogo tu huko Marekani, sasa ulipataje uwanja ambao watoto wa dunia nzima wanautamani? Huku kwetu shule ina uwanja mmoja wa soka na watoto wa besiboli wanafukuzwa kila siku. Tufanyeje?

JIBU: Mama, asante sana, hili swali limenigusa. Williamsport iko jimbo la Pennsylvania na haikuanza na uwanja, ilianza na mguu uliochanika! Mwaka 1938 mkazi mmoja, Carl Stotz, alikuwa anarushiana mpira na wapwa zake uani, akakanyaga kisiki cha kichaka cha maua kikamchana, akaenda kukaa kibarazani na hapo ndo akawaza kwa nini watoto wasiwe na mchezo wa saizi yao. Akawachukua wale vijana wawili uwanjani, akaweka magazeti chini yawe besi (vile vituo mchezaji anavyokimbilia), mtoto anakimbia, akichelewa mno anayasogeza karibu, akiwahi mno anayarudisha nyuma, mpaka akapata mita 18 hivi kati ya besi na besi. Watu wazima wana mita 27. Yaani vipimo vyote vilitoka kwenye miguu ya watoto wenyewe, na hiyo napenda sana.

Halafu akazunguka mjini kuomba, wengi wakamkatalia, mwisho wakakubali wenye maziwa, wenye mbao na wenye vitafunio, basi timu tatu, mwaka 1939 wakaanza kucheza. Mashindano makubwa ya watoto yalianza 1947 palepale mjini, na mwaka 1959 yakahamia uwanja mkubwa ng'ambo ya mto, South Williamsport.

Na huko ndo walifika vijana wa kwenu Lugazi mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika, baada ya wenzao wa Kampala kunyimwa viza mwaka 2011 wakati walishashinda mechi za kufuzu (hilo bado linaniuma). Mwaka 2015 Uganda ikarudi ikaichapa Jamhuri ya Dominika 4-1, na hao besiboli kwao ni kama soka kwetu.

Sasa uwanja wenu. Msigombane na watu wa soka mama. Besi ya kupigia iwekeni kwenye kona, pale pa bendera, mstari mmoja ufuate upande wa goli na mwingine ufuate upande mrefu, pima mita 18 kila upande kwa kamba, besi ziwe magunia yaliyojazwa mchanga mnayatoa mkimaliza. Uwanja wa soka wa kawaida una upana wa kama mita 64, kwa watoto hiyo inatosha kabisa. Mwalimu mkuu muombeni hiyo kona na siku mbili za wiki, magoli yabaki palepale yalipo.