Nimeanza dayati ila njaa ya usiku inanishinda

SUALI: Asalam alaykum shangazi. Mie mama wa watoto watatu, nipo Chake, Pemba. Jumatatu ilopita nlianza dayati, asubuhi chai kavu, mchana matango na tungule, usiku sili kitu. Siku tatu nimejikaza, Alkhamis usiku watoto wamelala nkaingia jikoni nkala chapati nne za baridi na mchuzi ulobaki, nimesimama vile vile, alafu nkalia. Nyumbani tunakula sinia moja na wali wa nazi ndo chakula chetu, siwezi kupika vyungu viwili pesa haitoshi. Nile nini nishibe na mwili upungue? Na mama yangu ana sukari, anameza vidonge, anataka tuanze pamoja.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Futa machozi kwanza, zile chapati hukula kwa uroho, ni njaa ya siku tatu ilokuwa inakudai. Tango karibu lote ni maji, likipita nusu saa tumbo linauliza tena.

Kinachokaa tumboni ni protini na nyuzinyuzi, na hivo kwetu vipo tele wala si lazima viwe ghali: kunde, choroko, maharage, mbaazi, dagaa, vibua, mayai. Kwaiyo asubuhi usishinde na chai kavu, kula mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha muhogo, au kunde zilobaki jana usiku. Na saa kumi jioni, pale bajia na urojo vinapoanza kukuita, kula balungi au njugu kiganja kimoja, ukifika usiku hutokuwa na ile njaa ya kukupeleka jikoni kiza kiza.

Sasa sinia. Hapa ndo naona tatizo lako lilipo, maana kwenye sinia hujui umekula kiasi gani, mkono unafata mikono ya wenzio na mtoto akibakisha unamalizia weye. Sikwambii uwakimbie, kaa nao hapo hapo mkekani, ila pakua chako kwenye sahani mapema: nusu ya sahani mboga, mchicha, mtoriro, bamia, biringani, chochote ulichopata sokoni, robo samaki au kunde, robo ilobaki wali. Wali ule ule wanaokula wao, chungu kimoja. Na usije ukaacha wali ukala muhogo au shelisheli sahani nzima ukadhani umepunguza, vyote hivo ni wanga.

Nazi mie siikatazi, Mpemba umwambie aache nazi atakuona una wazimu, lakini tui lina mafuta mengi, kwaiyo mlo mmoja uwe na tui sehemu moja tu. Wali wa nazi, basi mchuzi uwe wa tungule na ndimu. Mbaazi za nazi, basi wali mweupe. Familia nzima itakula na hakuna atakaelalamika. Samaki mchome au mchemshe, kwani kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kama kalori 120 na kwenye kukaanga hatutii kimoja tu.

Chai yako ukitia sukari, hesabu vijiko. Vitatu kila kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni karibu gramu 36, na Shirika la Afya Duniani linasema ingekuwa bora sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 25 kwa siku nzima. Tia iliki, mdalasini na mchaichai, kijiko kimoja kitakutosha.

Jambo lingine, usiku kabla hujalala roweka kunde au choroko za kesho. Ukiamka vipo tayari kuingia jikoni, hutoanza kuwaza nile nini ukaishia kwenye maandazi. Na usitarajie makubwa, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha kabisa.

Mama nae asianze na weye kesho. Vidonge vya sukari vingine vinaweza kushusha sukari kupita kiasi, akiruka mlo inaweza kushuka ghafla akatetemeka, akatoka jasho, hata akazimia. Mpeleke kliniki yake na vidonge vyake mkononi, awaambie anataka kupunguza wali, wampangie wao, alafu ndo mkae mle pamoja.