MASWALI YENU: Mninga uliokauka kiangazi

SWALI: Wahariri, salaam. Novemba mwaka jana nilipanda mbegu za mninga kwenye viriba 40. Ikaota miche 6 tu, nikaihamishia pembeni mwa shamba la tumbaku. Kufika Julai yote ilikuwa imekauka hadi chini. Niimwagilie, au niing'oe nipande mikaratusi? Nafuga na nyuki.
Msomaji, Sikonge

JIBU: Tafadhali usiing'oe, ndugu yetu. Mche wa mninga ndivyo ulivyo: shina hukauka kila kiangazi, mzizi ukabaki ardhini unajiwekea akiba, na mvua zikirudi unachipua upya. Huweza kwenda hivyo miaka 5, hata 10, ndipo msimu mmoja chipukizi lirefuke ghafla na lisikauke tena. Kuhakikisha, fukua kwa kidole sentimita 3 kando ya shina, ukwaruze gome la mzizi kwa ukucha. Ndani kukiwa kubichi na kweupe, uko hai. Kukiwa kwa kahawia na kunapukutika, huo umekufa; mara nyingi ni mchwa, au maji yaliyotuama. Mninga hautaki udongo mzito wa mbuga unaotuamisha maji, unataka kichanga.

Maji ya kiangazi hauhitaji. Uulinde na jembe na moto. Chomeka vigingi kuuzunguka ili vibarua wauone, na ifikapo Mei ng'oa nyasi kwa mkono, mita 1 kila upande. Moto wa Septemba ndio mkali zaidi, nyasi zimekauka kabisa. Mikaratusi ya kukaushia tumbaku ipande kwingine, isiinyime miche hiyo jua.

Kuota 6 kati ya 40 kumetokana na ganda. Katikati ya lile bawa la duara kuna kifuko kigumu chenye miiba, na mbegu iliyofungiwa humo huchelewa kuota au huoza. Kata bawa, pasua kifuko ukingoni kwa mkasi wa kupogolea, utoe mbegu. Huwa 1 au 2. Kwangua ngozi ya mbegu kidogo tu, upande ulio mbali na kovu (pale mbegu iliposhikana na ganda), loweka usiku mmoja, ufukie sentimita 1 hadi 2. Mvua zikishakolea, panda palepale mti utakapokaa, mbegu 3 kwa shimo. Mzizi mkuu hushuka haraka. Kwenye kiriba kifupi hujikunja, na mche wa namna hiyo hudumaa. Tia shimoni kiganja cha udongo wa chini ya mninga mkubwa, kwa ajili ya bakteria wa mizizi.

Kuhusu nyuki, maua ya manjano ya mninga hutoka kati ya Septemba na Novemba, mvua hazijakolea, na nyuki huyafuata sana. Ila hayadumu wiki nyingi, kwa hiyo visiki vya mtundu na muba vilivyobaki shambani viache vichipue. Hiyo ndiyo miti ya asali ya Tabora. Nyani na kindi watapasua matunda, na viwavi wa vipepeo watatoboa majani. Usiwapulizie dawa. Na kitalu cha tumbaku kipulizie jioni, nyuki wakisharudi mzingani.