Mswada Uliokataliwa kwa Macho: Ushauri kwa Anayetaka Kumwandika Kijana Mwenye Ulemavu Mkubwa

Mwaka 2016 nilimaliza mswada wa riwaya fupi ya vijana ambayo mhusika wake mkuu alikuwa mvulana wa miaka 16 mwenye mtindio mkali wa ubongo, asiyetembea, asiyeshika kijiko na asiyetamka neno. Niliamini kwamba hakuna aliyestahili kuiandika kuliko mimi, kwa sababu mdogo wangu wa mwisho ndivyo alivyo, na nimemlisha, nimemgeuza na kumbeba tangu nikiwa msichana wa shule ya msingi. Kwa muda wa wiki tatu nilimsomea sura baada ya sura, jioni, barazani kwetu Ngamiani, Tanga. Nilipofika mwisho, pale mhusika anapofariki na mtaa mzima unajuta kwa kumpuuza, mimi mwenyewe nilikuwa nalengwalengwa na machozi. Mdogo wangu alifumba macho kwa nguvu. Kwetu, kupandisha macho ni "ndiyo" na kuyafumba ni "hapana".

Nikauchukua ubao wetu. Ni kipande cha boksi gumu nilichokichora jedwali lile lile ambalo watoto wetu huanza nalo kusoma: ba, be, bi, bo, bu, kisha cha, che, chi, cho, chu, na kuendelea. Kidole changu hushuka kwenye safu ya konsonanti mpaka apandishe macho, halafu hupita kwenye irabu tano mpaka apandishe tena, na hapo silabi moja imepatikana. Kiswahili kimetuhurumia kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu, lakini konsonanti zinazofuatana hazikupata nafasi ubaoni, kwa hiyo "kwa" huandikwa "ku-a" na "mtu" huwa "mu-tu". Jioni ile alitumia kama dakika tatu kunipa silabi sita: KU-A NI-NI A-FE.

Sikuwa na jibu. Ushauri ninaoutoa hapa umetokana na swali hilo na mabishano yetu ya karibu mwaka mzima uliofuata, ambamo nilishindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda.

Nilipoitafuta sababu ya kumuua mhusika wangu, niligundua kwamba nilikuwa nimeirithi. Hadithi nyingi nilizokua nikizisikia kuhusu watu wa namna hii zina milango miwili tu ya kutokea: ama anapona kwa dua, dawa au safari ya matibabu ya mbali, ama anakufa na wazima wanazinduka. Hata methali yetu "Hujafa hujaumbika", ambayo hutajwa kwa nia njema ya kumkanya anayecheka, inazungumza na mzima. Mwenye ulemavu yumo ndani yake kama onyo tu. Methali inaweza kusamehewa kwa kuwa ni maneno mawili. Riwaya ya kurasa mia moja haina udhuru huo. Kabla hujaandika mstari wa kwanza, amua kwamba mhusika wako atakuwa hai katika ukurasa wa mwisho na kwamba mwili wake utakuwa ule ule wa ukurasa wa kwanza, kisha jiulize ni kitu gani basi kitakachokuwa kimebadilika. Ukikosa jibu, ujue kwamba bado huna hadithi, na ni heri kulijua hilo mapema kuliko mimi nilivyolijua.

Mimi nilianza kulipata jibu nilipouliza kuhusu matamanio. Katika mswada wangu kijana alitamani jambo moja tu, kutembea. Nilimwuliza mdogo wangu kama naye anatamani hivyo, akapandisha macho kivivu, kama mtu aliyeulizwa kama angependa kuwa tajiri. Nilipomwuliza anataka nini hasa, wiki hii, mwezi huu, alitaja kinyozi. Tangu utotoni nywele zake zilikatwa na mama, uani, kwa mkasi, akiwa amelazwa mkekani. Yeye alitaka kupelekwa kwa kinyozi wa mtaa wa pili, akae katikati ya vijana wenzake, asikie wanavyobishana kuhusu Coastal Union, timu ya mpira ya hapa Tanga, na atoke na mtindo wa nywele wanaotoka nao wao. Kizuizi chake kilikuwa cha kweli, kwa sababu kichwa chake hakitulii hata kidogo, na mashine ya kunyolea inayopita karibu na sikio lisilotulia humtisha kinyozi zaidi ya anayenyolewa. Nilikaa na ubao mapajani nikaona kwamba pale palikuwa na riwaya nzima: hamu, kizuizi, mtu mgumu ambaye lazima ashawishike, na hatari ya damu na ya aibu mbele ya wenzake. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa 90 kuhusu miguu.

Hata hivyo, tukio la kinyozi haliandikiki bila kuujua mwili, na hapa ndipo wengi wetu hujificha nyuma ya neno "amepooza". Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1999 akapatwa na manjano makali katika siku zake za mwanzo. Manjano ya mtoto mchanga yakizidi bila kutibiwa, dutu ya njano iliyo katika damu, yaani bilirubini, huweza kuingia ubongoni na kuharibu sehemu zinazoongoza mwendo wa viungo, ilhali uwezo wa kufikiri mara nyingi hubaki. Matokeo yake ni mwili usiotulia. Mikono hujipinda na kujinyoosha yenyewe, shingo hugeukia upande asioutaka, na kadiri anavyojitahidi au anavyosisimka ndivyo vurugu inavyozidi, mpaka anapopata usingizi, ambapo viungo vyote hutulia kama vya mtu mwingine yeyote. Mwenye mtindio wa namna nyingine, ambaye misuli yake hukakamaa, huandikwa tofauti, na mwenye ugonjwa wa misuli unaomdhoofisha mwaka hadi mwaka huandikwa tofauti kabisa, kwa kuwa jeraha la ubongo katika mtindio haliongezeki. Chagua hali moja na uijue mpaka uweze kutabiri mkono utafanya nini mlango ukigongwa ghafla.

Fikiria maana ya hali hiyo kwa kijana wa miaka 16. Msichana wa jirani akiingia uani kuazima ndoo, kijana mwingine angejifanya hakumwona. Huyu hawezi. Mkono unaruka, mdomo unapanuka, kisigino kinagonga ubao wa kiti cha magurudumu, na nyumba nzima inajua. Yule asiyeweza kutamka neno ndiye pekee nyumbani asiyeweza kuficha siri. Nilikuwa nimeishi na jambo hilo miaka mingi bila kuona kwamba ni hazina ya mwandishi, kwa sababu nililichukulia kuwa ni tatizo la kitabibu.

Chakula nacho kina mengi. Uji mzito humpita salama kuliko chai, kwa kuwa kinywaji chepesi hukimbilia njia ya hewa kabla koo halijajiandaa, na kichwa kikiachwa kiangukie nyuma, hupaliwa mara moja. Kifungua kinywa hutuchukua dakika 40. Katika mswada wangu mhusika "alikunywa chai haraka akapelekwa nje", sentensi ambayo mdogo wangu aliicheka mpaka akapaliwa kweli. Simaanishi kwamba ueleze kila kijiko, maana msomaji atachoka, lakini dakika hizo 40 lazima zionekane mahali fulani katika hadithi: mtu achelewe kazini kwa sababu yake, au mazungumzo mazito yafanyike wakati kijiko kikiwa njiani. Usiku kuna kumgeuza ili asipate vidonda vya kulalia, na anayemgeuza huamka na uchovu ambao nao una matokeo yake mchana.

Kuna pia umri, ambao waandishi wa vijana hatupaswi kuusahau kwa kuwa ndio msingi wa kazi yetu. Mtoto wa miaka 6 hubebwa mgongoni. Wa miaka 14 huhitaji watu wawili, na swali la nani anainua linaanza kuamua nani anakwenda wapi. Mdogo wangu alipotimiza miaka 13, alinifumbia macho niliponyanyua ndoo ya kumwogeshea, na tangu siku ile kaka yetu mkubwa ndiye humwogesha. Kaka akichelewa, yeye hungoja, hata iwe saa nne usiku. Tukio hilo halikuwamo katika mswada wangu wa kwanza. Nilijiambia kwamba nililiacha kwa ajili ya staha, lakini ukweli ni kwamba liliniuma, na sikutaka kulitazama tena.

Kuhusu mazungumzo, ubao ulinifundisha mengi kuliko kitabu chochote. Mtu anayelipia kila silabi kwa macho hupima maneno yake. "Samahani" ni silabi nne, hivyo haombi radhi mara nyingi. "Dada" ni mbili tu, nami huitwa usiku na mchana. Utani wake hufika umechelewa, wakati wenzake wameshahamia jambo jingine, na anajua hilo, kwa hiyo huchagua utani unaoweza kulala dakika tatu bila kuchacha. Mhusika wangu nilikuwa nimempa hotuba. Ukitumia nafsi ya kwanza, mwachie mawazo yawe mapana na ya haraka kadiri upendavyo, yenye kejeli na matusi ya kimyakimya, kisha mwache atoe maneno mawili. Katika pengo hilo ndimo riwaya inamoishi. Usisahau pia kwamba watu humkamilishia sentensi, mara nyingi vibaya, naye hulazimika kuamua kama atumie dakika nyingine tano kusahihisha au aache ipite. Nilipomwuliza ni mara ngapi ameniacha niamini kwamba nimemwelewa, hakujibu, alitazama pembeni.

Uchaguzi wa maneno ya kumtajia mhusika hauhitaji hofu kubwa kama wengi wanavyodhani. Lugha yetu iliyapanga maneno kiwete, kipofu, kiziwi na kilema katika ngeli moja na kiti na kisu, ingawa upatanisho wake ni wa watu, na ni haki kwamba uandishi rasmi umehamia kwenye "mtu mwenye ulemavu", kama inavyosema Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 hapa Tanzania. Sauti ya msimulizi wako na iandike hivyo. Lakini watoto wa mtaani watasema "zezeta" kwa kuwa ndivyo wasemavyo, na ukiwasafisha midomo utakuwa umemficha msomaji kile ambacho mhusika hukisikia kila siku.

Neno linalomkera mdogo wangu zaidi ni "malaika". Wageni humwita hivyo, huku wakimpapasa kichwa, kwa maana kwamba hana dhambi. Anazo. Amewahi kujifanya amepaliwa ili mgeni mwenye maneno mengi aage mapema, na amewahi kumsingizia binamu yetu kwamba alimnyima maji, kwa sababu ya wivu tu, akamsababishia kipigo. Alipokiri, baada ya miaka mitatu, nilikasirika kwa dhati, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani kumkasirikia kama mtu mzima. Mpe mhusika wako kosa la namna hiyo, lenye mtu aliyeumia, kisha usiharakishe kumsamehe.

Nimeliacha mpaka sasa jambo lililonigharimu zaidi, nalo ni kwamba mswada wangu haukuwa wake. Ulikuwa wangu. Kila sura ilipima uchovu wangu, upendo wangu na mgongo wa mama unaouma, na yeye alilala katikati kama kitu tunachokizunguka. Waandishi wa nchi nyingine wamepita njia hizi kabla yetu. Terry Trueman wa Marekani, ambaye ni baba wa mtoto mwenye mtindio mkali wa ubongo, alichapisha mwaka 2000 riwaya ya vijana inayosimuliwa na mvulana wa miaka 14 asiyeweza kuwasiliana kabisa, anayeshuku kwamba baba yake anapanga kumuua kwa huruma. Ni kitabu chenye nguvu, lakini ukikisoma unaisikia hofu ya mzazi chini ya kila ukurasa. Miaka sita baadaye Harriet McBryde Johnson, wakili wa huko huko Marekani ambaye mwenyewe alitumia kiti cha magurudumu, alitoa riwaya kuhusu kambi ya vijana wenye ulemavu mwaka 1970, ambamo wasichana hao hubishana, hucheka na kuwakejeli wanaowahurumia. Sisemi kwamba ndugu wa damu asiandike, maana nami naendelea kuandika. Nasema kwamba sisi tunaomzunguka tuna hadithi yetu, inayostahili kitabu chake, na tusiivalishe jina la mwingine.

Kwa hiyo msomee mswada wako mtu anayeishi maisha hayo, na usimwulize maswali ya ndiyo na hapana pekee, kwa kuwa atakupa adabu na utaichukulia kuwa ni ridhaa. Mwulize ni wapi alichoka, ni nani hamwamini, na angefuta nini. Kisha ngoja, hata ikichukua jioni nzima.

Mswada wa pili nilimsomea mwaka 2018. Sura ya mwisho ilikuwa kwa kinyozi: kaka ameshika kichwa kwa mikono miwili, mashine imezimwa mara nne, upande mmoja wa nywele umepanda kuliko mwingine, na redio inatangaza mechi ambayo Coastal Union wanaongoza bao moja. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu ukigonga kiti. Kisha akaomba ubao akaandika TA-MU MU-NO. Nilidhani ananisifu, nikaanza kumshukuru; akafumba macho, akaendelea, na ilichukua muda nikaelewa kwamba nywele za upande zimekubalika, damu kidogo sikioni iongezwe, na Coastal wafungwe.