Kuhusu matoleo ya 70 hadi 79

Ndugu uliyeuliza kwa nini mkusanyo wako wa Famous Monsters of Filmland, jarida la filamu za mazimwi, unaruka kutoka toleo la 69 hadi la 80, usihangaike kuyatafuta ya katikati, kwa kuwa hayakuchapishwa kamwe. Mchapishaji wake Mmarekani, James Warren, alikuwa ametoa jarida jingine la mazimwi, Monster World, lililoanza mwaka 1964 na kufa mwaka 1966 baada ya matoleo 10 tu. Mwaka 1970 matoleo hayo yakahesabiwa kuwa ya jarida kubwa, ndipo namba kwenye jalada ikaruka. Ukitaka kuziba pengo hilo kwenye rafu, tafuta Monster World zote 10, ambazo mimi nazithamini sawasawa na jarida lililozimeza.