Maswali ya Jikoni: Unga wa Chai ya Viungo na Karafuu Iliyozidi

Assalaam alaykum wasomaji wangu. Mwezi huu nilikusudia kujibu barua za mkate wa kumimina, lakini za chai zimekuwa nyingi na moja imenikaa moyoni. Za mkate zitasubiri.

*Shikamoo Bi mkubwa. Naishi Jang'ombe, nina watoto wanne. Nimeacha kununua vipakti vya viungo vya chai, nasaga mwenyewe. Natia iliki, tangawizi, mdalasini, pilipili manga na karafuu, kikombe kimoja kimoja, vyote sawasawa. Mara mbili sasa, haupiti mwezi unga unashikana kama udongo. Na chai haina harufu, ina ukali wa karafuu tu. Nakosea wapi?*

Marahaba mwanangu. Unakosea mahali patatu, na vyote vinarekebishika.

Huko kushikana nakuwekea dhamana ni tangawizi. Wengi tunaianika siku mbili, juu imekauka, ndani bado mbichi. Ikwangue ganda, ikate vipande vyembamba kwa upana ili uzikatize zile nyuzi zake. Ukikata kwa urefu utapata unga wenye nywele. Ianike juu ya ungo siku nne au tano za jua kali, na kila Magharibi uiingize ndani, maana umande wa usiku unarudisha yote uliyoyakausha mchana. Kipande kikipindika, bado. Kikivunjika kwa mlio, tayari. Kilo moja ya tangawizi mbichi itakubakishia kama gramu 200 hivi. Ukipima ukaona imebaki nusu kilo, hayo ni maji unakwenda kuyasaga.

Tena kuna moto wa mashine. Unga ukitoka kwenye blenda huwa na joto. Ukiumimina chupani ukafunika papo hapo, mvuke unapanda kwenye kifuniko, unageuka maji na kurudi chini. Mimi nautandaza kwenye sinia kavu, naufunika kwa kitambaa chepesi, nauacha saa nzima. Na usifungue chupa yako juu ya birika linalotokota, wala usichote kwa kijiko kilichotoka kwenye sukari ya majimaji. Unga ukishapata ukungu usiupepete ukautumia, mwaga.

Kosa la pili ni wingi. Punje ya iliki ikiwa ndani ya ganda lake inahifadhi mafuta yake miezi mingi. Ukishaisaga, harufu inaanza kuondoka siku ile ile. Vikombe vitano vya unga nyumba moja haivimalizi kwa wakati. Weka viungo vizima, saga vya wiki tatu. Masika, Machi mpaka Mei, mimi nasaga vya wiki moja tu.

La tatu ndilo ninalotaka kulisema kwa kirefu, nalo ni karafuu.

Mimi ni mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, nyumba ya karafuu khasa. Msimu ulipofika tulichuma mchana, na usiku tukakaa ukumbini kwa mwanga wa kandili tukichambua, karafuu upande huu, makonyo, vile vikonyo vyake, upande ule, mpaka viganja vikawa vyeusi na mto wa kulalia ukanuka karafuu. Majamvi yalijaa uwanja mzima, na wingu likitanda kila mtu alitupa alichoshika akakimbilia kuanua. Karafuu ndiyo iliyoninunulia sare ya skuli. Kwa hivyo ninaposema uipunguze, si kwamba naidharau.

Ndani ya karafuu mna mafuta yanayoitwa yujenoli, yale yale wanayotumia madaktari wa meno. Ndiyo maana bibi zetu walitubanisha karafuu kwenye jino linalouma: yanatia ganzi. Sasa ulimi uliotiwa ganzi utaonjaje iliki? Utauonjaje mdalasini? Nilipoolewa, chai ya kwanza niliyowapikia wakwe nilitia konzi nzima ya karafuu, kwa fahari ya kwetu. Mama mkwe alipiga mafunda mawili, akaweka kikombe chini taratibu, akaomba maji. Hakunisema, wala hajapata kunisema mpaka alipofariki. Lakini tangu siku ile karafuu sizipimi kwa mkono wala kwa kikombe, nazihesabu.

Hiki ndicho kipimo changu cha chupa moja ndogo. Iliki gramu 35 pamoja na maganda. Tangawizi kavu gramu 30. Mdalasini gramu 20. Pilipili manga gramu 5. Kungumanga robo ya punje, isizidi. Karafuu ishirini, kwa idadi. Kama huna mizani nyumbani, muuza viungo anayo, mwambie akupimie kila kimoja mbali. Pasua iliki utoe punje, na yale maganda usiyatupe: yatie ndani ya mkebe wa majani ya chai, baada ya siku chache majani yatanukia yenyewe. Vianike vyote juani kwa muda wa saa mbili, uviache vipoe. Sivikaangi. Kukaanga ni kwa bizari ya mchuzi. Chai inataka kiungo kilicho hai. Anza kutwanga mdalasini na tangawizi, ndivyo vigumu, vingine vifuate, kisha chekecha. Makapi yanayobaki juu ya chekeche twanga tena.

Birika la lita moja linataka kijiko kimoja cha chai cha unga huo, cha kufuta. Tia ukiwa na maji baridi, yatokote dakika tano, ndipo utie majani, na ukishayatia usiyachemshe sana, yanakuwa machungu. Ukinywa asubuhi na jioni chupa itakwisha kwa wiki tatu, ndiyo muda unaoutaka.

*Bi mkubwa, muuzaji mmoja ananiambia karafuu yake ni ya Pemba ndiyo maana bei iko juu. Kweli ina tofauti na ya Unguja? Na mdalasini nitaujuaje? — Msomaji, Bububu*

Mdogo wangu, mkarafuu ni mti ule ule. Pemba ina mingi kwa sababu kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka huko. Utamu uko katika kuanika. Karafuu iliyorundikwa mbichi ikapata moto inakuwa mpeta, imenyauka, rangi imefifia, na hata ingetoka mlango wa pili na kwetu Mtambwe nisingeinunua.

Kwa hivyo usiulize imetoka wapi, ishike. Iwe na kichwa chake. Ibonyeze kwa ukucha, utoke unyevu wa mafuta. Nyumbani itupe kwenye gilasi ya maji: nzuri inazama au inasimama wima, iliyokwisha mafuta inalala juu.

Mdalasini wa kwetu, kama ule wa Kizimbani na Kidichi, ni gome jembamba lililojikunja tabaka nyingi, unalivunja kwa vidole. Ukiona gome nene, gumu, la tabaka moja kama kipande cha ubao, huo ni wa aina nyingine. Ni mkali, na una kumarini nyingi, kitu ambacho mtu akikinywa kwa wingi kila siku kinaweza kulidhuru ini. Tena utakuvunjia mchi. Na popote ulipo, Darajani au kwengine, usinunue uliokwishasagwa. Unga hauonyeshi ulikuwa nini.

*Dada yangu anayeishi Marekani aliniletea chupa ya unga wa chai. Unachota vijiko viwili, unatia maji ya moto, unakoroga, basi. Unanukia chungwa, mdalasini na karafuu. Umekwisha. Naweza kuutengeneza hapa? Na kwa nini nilipotia maziwa yalikatika? — Msomaji, Wete*

Unaweza, lakini kwanza ujue ulichokuwa ukinywa. Kule, khasa majimbo ya kusini, wanaiita chai ya Kirusi. Wanachanganya unga wa kinywaji cha chungwa, mara nyingi ule wa Tang ulioanza kuuzwa 1959 na ukapata umaarufu baada ya mwanaanga John Glenn kwenda nao angani mwaka 1962, pamoja na chai ya unga inayoyeyuka, sukari, mdalasini na karafuu. Ndiyo maana hauachi makapi: karibu yote ni sukari na vitu vinavyoyeyuka. Una asidi ya kutia ukali wa chungwa, na asidi ndiyo iliyokata maziwa yako. Unanywewa bila maziwa. Na kama nyumbani kuna mwenye kisukari, usimpe.

Mimi nautengeneza kwa chenza. Kwangua ule weupe wa ndani ya ganda, ndio wenye uchungu, kata vipande vidogo, anika kivulini penye upepo siku tatu nne mpaka vivunjike. Twanga vijiko vitatu vya kulia vya ganda hilo, changanya na kijiko kimoja cha mdalasini uliosagwa na karafuu sita. Tia kijiko cha chai katika birika la chai isiyotiwa maziwa, chuja kwa kitambaa, sukari kila mtu ajitilie. Hautayeyuka kama ule wa dada yako, viungo halisi haviyeyuki. Nilipoujaribu mara ya kwanza, wajukuu walidhani nimemenya machenza chumba cha pili.

*Mwanangu anakwenda skuli ya bweni. Nikichanganya unga wa viungo na maziwa ya unga na sukari, utakaa? — Mama, Mkoani*

Utakaa wiki mbili, si zaidi. Maziwa na sukari vyote vinavuta unyevu. Mfungie kwenye vipakti vidogo, kila kimoja cha siku chache, ili asifungue chupa nzima kila asubuhi.

*Tangawizi inanikatia maziwa. Tena mimi ni mjamzito, nisinywe? — Msomaji, Mwanakwerekwe*

Tangawizi mbichi ina kitu kinachokata maziwa, na moto unakiua. Ichemshe kwa maji kwanza, maziwa yafuate baadaye. Chai nyepesi kikombe kimoja au viwili haina ubaya, lakini punguza viungo, kungumanga iache kabisa, na usinywe chai pamoja na chakula wala na vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mwambie mkunga wako unachokunywa. Na mafuta ya karafuu ya chupa, yale ya kuchua, yasitiwe kabisa kwenye chai ya mtu yeyote, mtoto ndiyo usiseme.

*Assalaam alaykum dada. Mimi ni mzee wa Kengeja. Mke wangu amefariki mwezi wa tano sasa. Yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza unga wa chai, nami sikuwahi kumwangalia. Ameacha makopo manne: iliki, mdalasini, tangawizi kavu na karafuu. Nimejaribu kutwanga, haifanani na yake. Yake ilikuwa nyepesi, ina kitu kama limau lakini si limau. Watoto wanasema ninunue ya dukani. Sitaki.*

Waalaykumu salaam kaka yangu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu na akupe subira. Barua yako nimeisoma mara tatu, na usinunue ya dukani.

Hicho kitu kama limau nadhani ni mchaichai. Hukukiona koponi kwa sababu wake wengi wa shamba hawauweki koponi. Nenda nyuma ya nyumba, karibu na pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Angalia kama kuna kichaka cha majani marefu makali ya kukata. Sugua jani moja kiganjani, unuse. Kama ndio wenyewe, umwagilie, usiwaache mbuzi waufikie.

Inawezekana alikuwa akianika majani yake kivulini, akiyakata kwa mkasi na kuyatwanga pamoja na unga. Au alikuwa akitia majani mawili mabichi yaliyofungwa fundo moja kwa moja kwenye birika, na wewe ukadhani yote yanatoka kwenye unga. Jaribu hili la pili kwanza, ni jepesi. Kama nyuma ya nyumba hakuna kitu, uliza jirani aliyekuwa akikaa naye. Wanawake tunaombana vitu hivi kila siku. Usipopata mchaichai, basi fikiria ganda la chenza, kama nilivyomweleza yule wa Wete.

Twanga kidogo kidogo, kijiko cha iliki, kijiko cha tangawizi, nusu ya mdalasini, na uandike kila ulichotia. Umesema yake ilikuwa nyepesi. Kopo la karafuu liache limefungwa wiki ya kwanza. Ukishaipata ile ladha, au ukiikaribia, ndipo utie punje moja, kisha mbili. Niandikie uniambie ulifika na ngapi.