Jibu: Falsafa, uchumi au fedha?

Mdogo wangu, umeuliza kama kusoma uchumi pamoja na falsafa ni kupoteza karo, na mzee anataka usome fedha tu. Mimi nilisoma uchumi hapa Nairobi. Kilichonitoa jasho ni hesabu: kalkulasi, takwimu, halafu ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu (hiyo acha tu). Fedha uwanja wake ni mwembamba zaidi: hisa, hatifungani (bondi), riba, kupima hatari. Ukilenga benki za Upper Hill hapa Nairobi, mzee hajakosea. Ila falsafa usiidharau. Adam Smith, anayeitwa baba wa uchumi, alikuwa profesa wa falsafa ya maadili kule Glasgow, na Amartya Sen, mshindi wa Nobeli ya uchumi 1998, amefundisha zote mbili. Hesabu ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ulipata ngapi? Tuambie kabla hujajaza maombi ya chuo kwa KUCCPS.