Msitoboe huo udongo wa mfinyanzi! (jibu kwa aliyeuliza kuhusu kisima cha mita 40 uani kiwandani)

Mkuu, simamisha hiyo rigi kwanza. Umesema kiwanda cha jirani kilikuwa kinatoa grisi kwenye vyuma kwa trikloroethilini (TCE), visima vifupi vya mtaani vimepimwa vikakutwa nayo, na sasa mtaalamu wenu anataka kuchimba mita 40 palepale uani, pembeni ya shimo la kuoshea vyuma, "ili tujue imeshuka hadi wapi". Halafu ukauliza habari za filta za majumbani, pampu itachukua miaka mingapi, na kama kuoga ni salama. Mimi nilipofika kwenye hizo mita 40 nikashindwa kuendelea kusoma, maana sisi tuliambiwa hivyohivyo, na karatasi ya kuruhusu uchimbaji niliisaini mimi kwa niaba ya kamati ya wakazi.

TCE sio kama petroli. Petroli inaelea juu ya maji, hii inazama. Lita moja ya maji ni kilo moja, lita moja ya TCE ni kama kilo 1.46, kwa hiyo ikimwagika inapenya mchanga, inapita katikati ya maji yote ya juu, inaenda kutulia pale inapokuta udongo wa mfinyanzi. Inakaa hapo kama mchuzi kwenye bakuli, miaka na miaka inayeyuka kidogokidogo. Sasa nyie mnataka kutoboa kitako cha bakuli.

Kwetu mfinyanzi ulianzia mita 12 ukaishia mita 17. Juu yake maji machafu, chini yake mchanga wenye maji safi ambayo mtaa mzima tulikuwa tunakunywa kutoka visima virefu. Mita 5 za udongo ndo zilikuwa zinatukinga na hakuna aliyetuambia. Wakaja na rigi wakatoboa moja kwa moja hadi mita 45, shimo likakaa wazi siku tatu likisubiri mabomba, mabomba yalipofika wakajaza changarawe pembeni yake kutoka chini hadi karibu na juu, yaani wakajenga njia ya wima kutoka kwenye sumu hadi kwenye maji ya kunywa. Na kwa vile pampu za visima virefu zilikuwa zinavuta usiku na mchana, presha ya maji ya chini ilikuwa ndogo kuliko ya juu, basi kila kilichokuwa juu kikawa kinavutwa kushuka. Miezi minne baadaye kisima kirefu cha jirani, ambacho kabla ya hapo maabara haikuwahi kukuta kitu, kikasoma mikrogramu 60 kwa lita. Marekani kiwango cha mwisho kwenye maji ya kunywa ni 5. Piga hesabu uone ubaya wake, lita moja tu ya TCE inatosha kufikisha lita milioni 290 za maji kwenye hicho kiwango.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba dalili ilikuwa mezani. Sampuli ya uani ilisoma miligramu 40 kwa lita. TCE inayeyuka kwenye maji gramu moja na kidogo tu kwa lita, na watu wa kazi hii wana kipimo chao cha haraka: ukikuta zaidi ya asilimia 1 ya hapo, yaani kama miligramu 11, jua kimiminika chenyewe kiko karibu, sio maji yaliyoguswa tu. Yule mtaalamu alikuwa na hiyo ripoti mkononi. Mama mmoja kwenye kikao akamuuliza, je mkitoboa haitashuka? Akajibiwa "mama, hayo tuachie sisi". Mtu amesoma, amelipwa, anaulizwa swali sahihi kabisa na mtu anayekunywa yale maji, anamnyamazisha! Na tulipogundua, akaagiza shimo lizibwe kwa kumwaga saruji kutoka juu, ikakwama katikati, chini kukabaki wazi. Ilibidi waje wengine wachimbe upya kulifuata shimo lote, kisha washushe bomba jembamba hadi kwenye kitako na kujaza saruji na bentonaiti (udongo unaovimba ukilowa na kuziba) kutoka chini kwenda juu. Mtaa ukawa unanunua maji muda wote huo.

Kwa hiyo shika hili: anzeni nje mje ndani. Chimbeni kwanza mbali na kiwanda, mjue udongo umepangikaje na maji yanaelekea wapi. Mkikaribia chanzo, komeni juu ya mfinyanzi, msiuguse. Kama lazima mjue hali ya chini, mfanye hivyo pembeni, nje ya uchafu: bomba pana lishuke lizamishwe ndani ya mfinyanzi bila kuutoboa wote, lizungushiwe saruji, saruji iachwe ikauke vizuri, ndo mpitishe keekee ndogo ya kuchimbia katikati yake. Anayesema hiyo ni kupoteza muda mwambie aandike na asaini kwamba atalipia maji ya mtaa mzima.

Pampu usiitegemee peke yake. Marekani mwaka 1994 Baraza la Taifa la Utafiti lilipitia maeneo 77 yaliyokuwa yanasafishwa kwa kupampu, 69 yalikuwa bado hayajafika lengo. Chanzo kikiwa bado kimekaa kwenye mfinyanzi, ukizima pampu namba zinapanda tena. Sasa fikiria chanzo kikiwa kwenye matabaka mawili, maana hilo la chini mtakuwa mmejitengenezea wenyewe.

Rigi inaingia lini? Muombe leo mchoro wa matabaka ya udongo, uangalie mfinyanzi unaanzia mita ngapi na unaishia ngapi, na matokeo ya sampuli za uani, yote uyaweke hapa. Kama hana huo mchoro, hiyo mita 40 kaitoa wapi?